Kocha Ana Orodha, Mjomba Hana: Mbio, Ukoo na Udahili wa Vyuo Vikubwa vya Marekani

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakishatoka, maswali huwa ni yale yale mawili. La kwanza: mtoto ana mbio, Harvard hawawezi kumchukua? La pili: kuna mjomba aliyesoma Yale, akiandika barua si itasaidia? Tujibu kwa kifupi kabla ya kufafanua. Mbio zinasaidia kuliko watu wanavyodhani, ila kwa sharti moja gumu. Mjomba husaidia kidogo sana, na mara nyingi hasaidii kabisa.

Tuanze na takwimu, kwa sababu zipo hadharani. Kesi ya SFFA (kikundi kinachopinga matumizi ya mbari katika udahili) dhidi ya Harvard ilisikilizwa Boston mwaka 2018 na kuamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 29 Juni 2023. Kesi hiyo ilihusu mbari, lakini ilikilazimisha chuo kutoa hadharani data zake za udahili. Ikaonekana kuwa waombaji wa kawaida walikuwa wakipokelewa kwa kiwango cha karibu asilimia 6, watoto wa wahitimu karibu theluthi moja, na wanamichezo walioombewa na makocha asilimia 86. Uchambuzi wa mchumi Peter Arcidiacono na wenzake ulionyesha pia kwamba asilimia 43 ya wanafunzi weupe waliopokelewa walikuwa katika moja ya makundi manne: wanamichezo, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au walio kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambako majina ya watoto wa wafadhili hayakosekani.

Sasa hiyo 86 ndiyo inayowapoteza watu. Si asilimia 86 ya wanamichezo wote walioomba. Ni asilimia 86 ya wale ambao kocha alikwisha kuwaweka kwenye orodha yake, na kwa kawaida kocha haweki jina kabla ofisi ya udahili haijalitupia jicho faili la mtoto. Msichana mwenye medali tano za kaunti ambaye hana kocha anayemsemea huhesabiwa pamoja na waombaji wa kawaida. Medali zake zinakuwa mstari mmoja katika sehemu ya shughuli za ziada, karibu na klabu ya mijadala.

Kwa hiyo kazi ya mwombaji si kushinda mashindano mengi. Ni kuingia kwenye orodha ya kocha mmoja.

Vyuo vinane vya Ivy League (Brown, Columbia, Cornell, Dartmouth, Harvard, Pennsylvania, Princeton na Yale) havitoi skolashipu ya michezo. Pesa zote hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia. Stanford, Duke na Northwestern hutoa za michezo. Tofauti hii si ndogo. Kwenye Ivy, mtoto akivunjika mguu mwaka wa kwanza, au akichoka na kuacha timu, ufadhili wake unabaki palepale, maana haukutolewa kwa ajili ya miguu. Kwenye chuo cha skolashipu ya michezo, soma karatasi: ni ya mwaka mmoja au minne, na ukiumia inakuwaje.

Wengi hapa kwetu bado wana picha ya njia ya zamani, ile ya Henry Rono pale Washington State, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, au ya Suleiman Nyambui pale University of Texas at El Paso. Kwenye njia hiyo, saa ya kocha ndiyo iliyosema. Kwenye vyuo tunavyozungumzia, saa husema kwanza, halafu ripoti ya shule inapewa kipaza sauti.

Vyuo vya Ivy vina kitu kinachoitwa fahirisi ya masomo. Ni namba moja inayotokana na alama za sekondari pamoja na mtihani wa SAT au ACT, ile mitihani ya udahili ya Marekani. Kila mwanamichezo anayeombewa ana namba yake, na wastani wa wote hauruhusiwi kushuka mbali chini ya wastani wa wanafunzi wa chuo hicho. Matokeo yake ni kama mizani ya dukani. Kocha akitaka mrushaji tufe hodari mwenye alama za kuchechemea, lazima aweke upande wa pili mtu mwenye alama za juu sana. Hapo ndipo mkimbiaji wa wastani mwenye A safi anapopata thamani asiyoijua. Kama mtoto wako anachelewa sekunde tatu kwenye mita 1500 lakini anaongoza darasa, usimnyamazishe. Kuna kocha mahali anayemtafuta hasa huyo.

Ushahidi wa karibu na nyumbani ni KenSAP, mpango uliozaliwa mwaka 2004 kwa kazi ya John Manners na Mike Boit, kuwapeleka vijana wa Bonde la Ufa kwenye vyuo hivyo. Jina lilianza kama mradi wa wanafunzi-wanariadha. Baadaye likageuzwa likawa la wanafunzi na fursa, na mwanariadha akatoka kwenye jina. Wengi wao vitabu ndivyo viliwapitisha.

Je, muda gani unatosha? Usiangalie muda wa nyota wa timu, wala usijilinganishe na Iten, ambako hata anayeuza maziwa anakimbia. Fungua matokeo ya mashindano ya Heptagonal, ambayo ndiyo ya ubingwa wa Ivy katika riadha. Tazama waliofika fainali katika mbio yako, halafu tazama muda waliokuwa nao wakiwa sekondari. Timu nyingi huweka wasifu wa wanafunzi wao kwenye tovuti. Ukiwa karibu na muda huo wa sekondari, andika. Ukiwa mbali, kuna vyuo vidogo bora kama Amherst, Williams na Bowdoin, ambavyo pia havitoi skolashipu ya michezo lakini makocha wake wana nafasi chache za kuombea.

Barua pepe ya kwanza ndiyo inayoharibiwa kuliko kitu kingine chochote. Inakuwa ndefu, inaanza na Mungu na umaskini, na muda wa mbio unakuja aya ya nne bila tarehe. Kocha anasoma barua hizo kwenye simu akiwa uwanjani. Iandikwe kwa Kiingereza, ila iwe na umbo hili:

"Nimezaliwa Machi 2009. Namaliza sekondari Novemba 2027, naweza kujiunga Agosti 2028. Mita 1500: 4:31.2, saa ya umeme, Nairobi, tarehe 14 Juni, nafasi ya pili. Mita 800: 2:13.5, saa ya mkono, mwinuko wa mita 2,100. Darasani ni wa 3 kati ya 212. SAT nitafanya Oktoba. Hii hapa video ya mita 300 za mwisho na ripoti za shule za mihula minne."

Basi. Saa ya mkono itajwe kuwa ni ya mkono. Kwenye mita 100 na 200, makocha huongeza sekunde 0.24 kwa saa ya mkono, na ukificha watagundua siku ya kwanza mazoezini. Mwinuko nao utajwe kwa sababu unakusaidia: dakika 4:31 pale Eldoret si sawa na dakika 4:31 pale Mombasa, na kocha ana jedwali la kubadilishia.

Usife moyo ukijibiwa kwa fomu tupu au usipojibiwa kabisa. Katika riadha, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zimemzuia kocha wa daraja la kwanza kukuandikia mambo ya usajili kabla ya tarehe 15 Juni baada ya mwaka wako wa pili kati ya minne ya sekondari. Jaza fomu iliyo kwenye tovuti ya timu, kisha tuma muda mpya kila unapoboresha. Si salamu, muda.

Hatua inayoamua huja Julai, miezi michache kabla ya kuomba. Kocha huomba ripoti za shule na alama za SAT, anazipeleka ofisi ya udahili zisomwe kwa awali, na baada ya wiki kadhaa anapata jibu la rangi tu: kijani, njano, nyekundu. Wakati huo huo omba ofisi ya fedha ipige hesabu ya awali ya ufadhili. Kisha uliza swali ambalo vijana wetu huona haya kuliuliza kwa mkubwa: "Kocha, utaniweka kwenye orodha yako ya kuombewa, na je, utaomba nipewe barua ya mapema?" Hiyo ni barua ya kukuambia kabla ya majibu rasmi kwamba yaelekea utapokelewa. Akijibu "tungependa uombe" au "tutakuunga mkono", hiyo ni heshima, si nafasi. Akijibu "ndiyo, una nafasi yangu moja ukiomba kwa raundi ya kwanza", hapo kuna kitu. Maombi ya raundi hiyo hufungwa kwa kawaida tarehe 1 Novemba. Barua za mapema za Ivy huanza kutoka tarehe 1 Oktoba, na zinatoka ofisi ya udahili, si kwa kocha. Ukipewa ahadi kwa WhatsApp, hujapewa.

Kalenda yetu inagongana na hiyo vibaya. Tarehe 1 Novemba mtahiniwa wa KCSE yuko kwenye msimu wa mtihani. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuomba mwaka huo huo kwa ripoti za shule na makadirio ya walimu. Hapo mwombe mwalimu mkuu aandike ukurasa mmoja wa maelezo ya shule, ukisema wangapi walipata A mwaka uliopita na kwamba moku (mtihani wa majaribio) husahihishwa kwa ukali, la sivyo B- ya moku itasomeka kama B- ya kweli. Ya pili ni kusubiri matokeo na kuomba Novemba inayofuata. Ukisubiri, angalia mbio zako: NCAA imekuwa ikiwakata misimu wanaochelewa kujiunga huku wakiendelea kushindana. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma toleo la mwaka wako kwenye tovuti yao. Usipokee zawadi ya pesa ya mbio za barabarani wala kusaini na meneja kabla ya kuuliza. Na hakikisha mwaka wa kuzaliwa ni mmoja kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na pasipoti. Miaka miwili iliyopunguzwa ili kukimbia na vijana wadogo imefunga milango ya watu wengi.

Dalali anayetaka asilimia ya skolashipu, mkimbie. NCAA hairuhusu malipo ya namna hiyo, na mwenye kuumia ni mtoto.

Sasa mjomba. Kujuana kwetu ni simu. Kujuana kwao ni kisanduku kwenye fomu. Fomu ya maombi inauliza baba na mama walisoma chuo gani, na kompyuta inaweka alama. Mjomba, binamu na jirani hawana kisanduku. Vyuo vingi huhesabu mzazi aliyechukua shahada ya kwanza pale. Mzazi aliyepata shahada ya uzamili pekee, kama wengi wetu, kwa vyuo kadhaa hahesabiwi. Barua ya mheshimiwa mbunge ambaye hajawahi kukaa na mtoto darasani haina uzito, na pengine inaudhi.

Hata hicho kisanduku kinafutwa. MIT hawakitumii. Johns Hopkins walikiacha mwaka 2014, Amherst 2021, Wesleyan 2023. California ilipitisha sheria mwaka 2024 inayokataza upendeleo huo hata kwenye vyuo binafsi, na ilianza kutumika Septemba 2025. Bado upo Harvard, Yale na Princeton. Mwenye haki nao aujaze bila kuona haya, lakini asijenge nyumba juu yake.

Kuna undugu mmoja ambao Waswahili wa ughaibuni huusahau: mzazi mwenyewe kuwa mfanyakazi wa chuo. Wengi wetu ni wauguzi kwenye hospitali za vyuo, wapishi wa mabweni, walinzi. Data za Harvard zilionyesha kwamba watoto wa wafanyakazi nao walikuwa na kiwango cha juu cha kupokelewa. Aidha, vyuo vingi hulipa sehemu ya karo ya watoto wa wafanyakazi waliotimiza miaka fulani ya ajira. Nenda ofisi ya utumishi uulize mambo matatu: miaka inayotakiwa, kama muda wa kibarua unahesabiwa, na kama msaada huo hufuata mtoto akienda chuo kingine.

Mlango wa pesa ya chini ya meza unajulikana ulikoishia. Machi 2019 watu 50, wakiwamo wazazi na makocha, walishtakiwa katika kashfa ya Rick Singer, mshauri wa udahili aliyewauzia wazazi matajiri nafasi za vyuo. Watoto ambao hawajawahi kushika kasia walipigwa picha kwenye mashine ya mazoezi ya kupiga makasia ili waonekane ni wanamichezo. Singer alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Kasia halikuchaguliwa ovyo: michezo kama makasia, skwoshi na mchezo wa vitara (fencing) inachezwa na shule chache zenye pesa, kwa hiyo wanaoshindania orodha za makocha wake huwa wachache, na orodha hizo hazionwi na wengi. Anayeishi Marekani na ana binti mrefu mwenye pumzi amuulize kocha wa makasia wa chuo, maana timu za wanawake ni kubwa na baadhi huwafundisha wanaoanza kabisa.

Mwisho, fomu za ufadhili. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Dartmouth hawaangalii uwezo wa kulipa wanapomchagua hata mwanafunzi wa nje. Vingine vingi huangalia, na hapo kocha hana la kufanya. Mzazi asiye na hati ya mshahara asiandike sifuri. Aandike barua: ekari mbili za chai, kilo zilizouzwa kwa mwaka na malipo ya kiwanda, ng'ombe watatu, lita kwa siku na bei ya lita, karo ya wadogo zake. Chifu aigonge muhuri, itafsiriwe, na ipelekwe pamoja na maombi, isingoje kuulizwa mwezi Februari.