Usaili Ulioniponyoka Nikiwa Nyegezi

Juzi mdogo wangu mmoja wa Igoma kaniandikia: “Kaka, nimeitwa usaili na kampuni ya California, kazi ya kuandika programu nikiwa nyumbani. Ni Novemba wiki ya pili, saa nne asubuhi yao, yaani saa mbili usiku wetu. Nijiandaeje?”

Ujumbe ule umenichoma. Mwaka juzi nami niliitwa hivyohivyo. Usaili wa kwanza ulikuwa Februari, saa nne asubuhi ya California, huku kwetu Nyegezi, Mwanza, saa tatu usiku. Nikapita. Wa pili ukapangwa katikati ya Machi, saa nne ileile. Nikanunua bando la akiba, nikachaji kompyuta tangu mchana nikihofia umeme kukatika, nikamwomba mama azime redio. Saa tatu kasoro dakika tano nikaingia. Hapakuwa na mtu.

Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi. Sisi hatusogezi. Saa nne yao ilishakuwa saa mbili yetu.

Ila hata sasa kinachoniuma ni kimya changu. Aibu ilinishika, nikafunga kompyuta, nikakaa siku tatu bila kuwaandikia neno. Nilipoandika, nafasi ilishapata mtu.

Kampuni nyingine iliponiita mwaka jana, niliapa sitanyamaza. Swali: katika orodha ya namba, tafuta mbili ambazo jumla yake ni kiasi fulani. Nikawaza kwa sauti: “Nikilinganisha kila namba na nyingine zote, namba 10,000 zitanipa jozi karibu milioni 50. Ni nyingi mno. Nikiziweka kwenye jedwali kadiri ninavyozipita, na kwa kila namba nikitazama humo kama mwenzake alishapita, napita orodha mara moja tu.” Katikati nikakwama, nikasema nimekwama wapi. Msaili akanidokeza. Kazi nikapata, na mshahara wa kwanza ukamwezekea mama nyumba.

Wadogo zangu, tumelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa mpaka tuwe na jibu kamili. Nyumbani ni adabu. Lakini msaili aliye ng’ambo atajuaje kwamba unafikiri? Sema unachowaza. Umeme ukikatika, sema. Ukichelewa, waandikie dakika hiyohiyo. Semeni, jamani!

Na wewe wa Igoma, Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma. Usaili wako ni saa tatu usiku. Waandikie leo uhakikishe.