Programu gani ya kuiga mzunguko wa hewa? Hilo ndilo swali la mwisho

Juzi kijana mmoja wa uhandisi, mwaka wa nne, ameniandikia: "Shikamoo injinia. Mradi wangu ni kuiga kwa kompyuta jinsi hewa inavyosafisha wodi ya kifua kikuu. Nitumie programu gani?"

Marahaba. OpenFOAM ni ya bure, na laptopu yako itaimudu kwa chumba kimoja. Haya, umeshajibiwa. Sasa tuongee.

Miaka ya nyuma hospitali moja, ambayo sitaitaja, ilinipa kazi ya kukagua wodi yake. Mafundi walikuwa wameshafunga feni za kutolea hewa na hesabu za karatasi zilionyesha kila kitu kiko sawa. Nikachora wodi nzima, vitanda na wagonjwa ndani yake, nikaigawa katika visanduku vidogo vidogo, nikaiachia kompyuta usiku kucha. Picha iliyotoka ilinisisimua: hewa safi ilikuwa inaingia mlangoni na kukata njia ya mkato hadi kwenye feni iliyo karibu na mlango, huku vitanda vya kona ya mbali vikibaki ndani ya hewa ileile inayozunguka. Mgonjwa akikohoa pale, vijidudu vinabaki palepale.

Nilipowasilisha, mwenyekiti wa kikao alicheka. "Picha zako za rangi ni nzuri, injinia." Ripoti ikaingia kabatini. Baadaye akaja mwingine na mita za hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, akaipata kona ileile. Hakuna aliyenipigia simu, na sitajifanya haikuniuma.

Ndiyo maana nakwambia anza na hesabu ya mkono. Chumba kinachobadilisha hewa mara 6 kwa saa huchukua dakika 46 kuondoa asilimia 99 ya vichafuzi. Kikibadilisha mara 12, dakika 23. Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba hewa imechanganyika kote, kama sukari kwenye chai iliyokorogwa. Kompyuta inatufaa pale chai haikukorogwa. Usipojua hesabu ya mkono inasema nini, hutajua kompyuta imekuongezea nini. Na usidanganywe na feni ya dari: inachanganya hewa, haiitoi nje.

Watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, na kuchapisha mwaka 2007, walikuta vyumba vilivyofunguliwa milango na madirisha vikibadilisha hewa mara 28 kwa saa, thamani ya kati, zaidi ya maradufu ya vyumba vinavyoingiziwa hewa kwa mitambo, vilivyokadiriwa mara 12. Majengo ya kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yaliyashinda mapya. Sisi hapa Dar tunafanya nini? Tunang'oa luva zilizokuwa zikifunguka karibu zote, tunaweka aluminiamu ya kuteleza inayofunguka nusu, halafu tunaagiza viyoyozi! Vijana, muwe na uchungu na majengo yenu. Mkikaa kimya vikaoni, nani atasema?

Turudi kwenye mradi. Usiige upepo wa aina moja. Iga wa kusi, iga wa kaskazi, kisha iga usiku usio na upepo, wavu wa mbu ukiwa dirishani na nusu ya madirisha yamefungwa, maana ndivyo wagonjwa wanavyolala. Ongeza visanduku maradufu uone kama jibu linabadilika. Likibadilika, bado hujamaliza.

Halafu pima. Azima mita ya hewa ya ukaa, tafuta chumba cha mfano kisicho na mtu, kijaze hewa hiyo kutoka kwenye mtungi ukiwa na msimamizi wako, tokeni, muache mita irekodi inavyoshuka. Weka mita kwenye kona pia, si katikati tu. Mchoro wa mita ukikataa kulingana na wa kompyuta, anza kuchunguza spidi ya upepo uliyoiweka dirishani. Mara nyingi uliikisia.