Nilivyosimama mwenyewe kwenye kesi ya talaka, Mwanza

Shauri langu la kwanza liliondolewa siku ileile liliposomwa. Nilikuwa nimebeba barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema tumeshindwana, nikidhani inatosha. Hakimu akauliza hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa iko wapi. Sina. Nikarudi Igoma nalia.

Kwa hiyo, dada yangu, anzia baraza la kata, au BAKWATA, yaani baraza kuu la Waislamu, au baraza la kanisa lenu kama linatambuliwa kisheria. Muitwe wote wawili, msikilizwe. Wakishindwa, wakupe hati inayosema wazi kwamba wameshindwa kuwapatanisha, na uisome palepale kabla hujaondoka. Aliyetelekezwa na hajui mwenzake aliko anaweza kwenda mahakamani bila hati hiyo. Ziko hali nyingine chache ambazo sheria inazisamehe, ila wengi wetu tunaihitaji.

Wakili sikumudu. Nilikuwa nauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, na watoto watatu wananitegemea. Msaidizi wa kisheria alinisaidia kuandika madai bila kunitoza hata shilingi. Huduma hiyo ina sheria yake tangu mwaka 2017, iulizie ustawi wa jamii wilayani kwako.

Yeye ndiye aliyenizuia kosa ambalo ningelifanya. Nilitaka kusimama nieleze miaka yote ya matusi, tangu mwanzo hadi mwisho. Akaniambia: mama, matusi yaseme, lakini nyumba utaipata kwa daftari. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi. Na Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Usikubali mtu akwambie ulikuwa unakaa tu.

Nikakusanya daftari la mauzo, risiti za saruji na mabati, nikamwomba fundi aje. Shahidi wangu mwingine, mama tuliyekuwa tunachukua naye mzigo, yuko Nansio, kisiwani Ukerewe. Nilimwomba avuke jana yake alale kwangu, maana meli ikichelewa hakimu hakusubiri.

Halafu maswali. Hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza. Mwenzako akimaliza ushahidi, unaulizwa kama una swali, nawe kwa hasira unasema "huyu muongo" na kukaa. Jambo usilomhoji huhesabika kama umelikubali. Mimi niliandika maswali usiku, mafupi, ambayo majibu yake nayajua. Mume wangu alikuwa amesema sikuchangia chochote.

"Mwaka tunaezeka, ulikuwa na kazi gani?"

"Sikuwa na kazi."

"Mabati alilipa nani?"

Akanyamaza. Hakimu akaandika.

Kuhusu watoto, sheria inachukulia kwamba aliye chini ya miaka 7 akae na mama, ila inaweza kupingwa, kwa hiyo peleka kadi za kliniki na risiti za shule.

Nilipewa sehemu yangu ya nyumba na amri ya matunzo. Niliomba nakala ya hukumu mapema, na baba yao alipoacha kutoa hela mwezi wa tatu, niliipeleka nakala hiyo kwa karani nikaomba utekelezaji.