Uliza Fundi: Seva imeganda, waifai ndo inasingiziwa

SWALI: Fundi habari za kazi. Naomba msaada kaka maana kichwa kinataka kupasuka. Tumepewa kazi ya darasani tuandike klayenti na seva kwa Python, klayenti inatuma maandishi, seva inayageuza yawe herufi kubwa yote inarudisha. Kwenye laptopu yangu nikiendesha zote mbili mambo safi, ila faili moja la majaribio alotupa mwalimu, lina baiti 2048, likitumwa kila kitu kinaganda, hakuna eror wala nini, halafu nikiua klayenti kwa Ctrl+C ghafla seva inachapisha maandishi yote kama vile ilikuwa nayo muda wote! Nikihamishia klayenti kwa mwenzangu tukatumia hotspoti ya simu, aya ndefu zinarudi nusu, na sentensi fupi mbili zikitumwa kwa haraka zinarudi zimegandana. Mwenzangu anasema tatizo waifai. Sehemu yangu ya kusoma ni hii:

while True:
    k = conn.recv(1024)
    yote += k
    if len(k) < 1024: break

Tunawasilisha Ijumaa. Mwaka wa pili, Morogoro.

JIBU: Poa mdogo wangu, asante kwa kuleta na mistari yenyewe, wengi wananiandikia "programu haifanyi kazi" basi, sasa mimi niote?

Waifai muacheni haihusiki. TCP, yaani utaratibu unaobeba data kati ya klayenti na seva, pakiti (kifurushi cha data) ikipotea inatumwa tena, zikifika shaghalabaghala inazipanga, kwahiyo kama maandishi yanarudi nusu ujue kuna mtu ameacha kusoma mapema, na huyo mtu ni hiyo if yako ya mwisho. Wewe umejiambia kipande kikiwa chini ya 1024 basi ujumbe umeisha. Nani kakwambia? TCP haijui kitu kinaitwa ujumbe, tangu RFC 793, waraka wa kanuni zake wa mwaka 1981, yenyewe inabeba mfululizo wa baiti tu, kama maji ya bomba, ukimwaga ndoo mbili huku, kule hakuna anayeona ya kwanza imeishia wapi. Ile 1024 kwenye recv, amri ya kupokea, maana yake "nipe zilizopo, zisizidi 1024", siyo "nipe 1024".

Sasa chukua hilo faili la 2048. Recv ya kwanza imebeba 1024, ya pili 1024, hakuna iliyopungua, kwahiyo kitanzi kinarudi kuomba tena na hapo hakuna kilichobaki. Seva inasubiri klayenti, klayenti ishatuma yote inasubiri jibu, wamekaa wanatazamana. Ulipopiga Ctrl+C soketi (ncha ya muunganisho) ikafungwa, recv ikarudisha baiti sifuri, sifuri ni ndogo kuliko 1024, kitanzi kikavunjika, ndo maana ikachapisha. Mwalimu wako huyo ni mjanja, hilo faili kalipima makusudi kabisa.

Na ya hotspoti ni kosa lilelile limevaa nguo nyingine. Ndani ya laptopu moja data inapita kwa mafungu makubwa, hewani pakiti moja kwa kawaida inabeba kama baiti 1460 au pungufu kidogo. Ikitangulia moja, recv inachukua 1024, inayofuata inakuta mia nne na kitu, wewe unasema imeisha, kumbe nyingine bado ziko njiani. Zile sentensi zilizogandana ni kinyume chake tu, zote mbili zilikuwa zishafika ukazizoa kwa mkupuo.

Dawa: nyinyi wawili mkubaliane mwisho wa ujumbe unajulikanaje. Kama kila ujumbe ni mstari mmoja, malizia na \n, (alama ya mstari mpya), upande wa kusoma uwe unakusanya kwenye bafa (hifadhi ya muda) mpaka uione, unakata hapo, na kilichobaki USIKITUPE, ni mwanzo wa ujumbe unaofuata. Ila nyie mnatuma aya na mafaili yenye mistari kibao ndani, kwahiyo mi ningetanguliza urefu: baiti 4 za kwanza zinataja idadi, struct.pack("!I", len(data)), halafu unasoma mpaka idadi itimie. Na hizo 4 zenyewe zisome kwa kitanzi, usidhani lazima zije zote pamoja. HTTP, ile ya kurasa za wavuti, nayo ina Content-Length kwa kazi hiyohiyo.

Angalizo, hesabu baiti baada ya encode (kugeuza herufi ziwe baiti), usihesabu herufi. Andika ng’ombe kwa simu ambayo inaweka ile alama iliyopinda, herufi ni 7 ila kwenye UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, ni baiti 9, kwasababu ile alama peke yake inakula 3. Ukitaja 7, mbili za mwisho zinaingia kwenye ujumbe unaofuata na utatafuta mchawi usiku kucha. Na decode (kurudisha baiti ziwe herufi) fanya mwishoni ukishapata zote, ukiikata alama katikati Python itakurushia UnicodeDecodeError.

Kwenye kudibagi, yaani kusaka kosa, kabla hujagusa chochote weka print(len(k), repr(k)) chini ya recv, pande zote mbili. Ungeona 1024, 1024, kimya, na jibu ungelipata mwenyewe. Pia jaribu seva bila klayenti yako, tumia programu ya nc kwenye terminali, nc 127.0.0.1 5000 (127.0.0.1 ni laptopu yako yenyewe, 5000 ni poti, namba ya mlango wa seva, weka yako), ukichapa kwa mkono unajua mara moja nani mkosaji.

SWALI: Fundi, mwenzangu akiunganisha kwenye seva yangu anapata "Connection refused", nami nikiizima na kuiwasha inasema "Address already in use". Nipo Ubuntu. Wa Mbeya.

JIBU: La kwanza, refused maana yake mashine yako imemjibu ila kwenye poti hiyo hakuna anayesikiliza, ingekuwa fayawoli (kizuizi cha mtandao) mara nyingi angengoja mpaka achoke. Piga ss -ltn, inaonyesha poti zinazosikilizwa, ukiona 127.0.0.1 umejifungia ndani mwenyewe, kwenye bind (pale seva inapochukua anwani na poti) weka 0.0.0.0, yaani anwani zote za mashine. La pili, kama seva ya zamani haipo hai kwenye terminali nyingine, ni muunganisho uliopita uko TIME_WAIT (umefungwa ila bado unasubiri), Linux inaushikilia sekunde 60. Weka SO_REUSEADDR, ruhusa ya kutumia tena anwani hiyo, kabla ya bind, siyo baada. Wa Windows msiige hiyo, kule inaweza kuruhusu seva mbili zikae poti moja.