Uchovu wa joto kwenye bomba: kuhesabu kuwasha na kuzima hakutoshi

Ndugu, umeuliza kama ukihesabu mara ambazo mtambo wa nyuklia umewashwa na kuzimwa utakuwa umemaliza kutathmini uchovu (chuma kudhoofika na kupasuka kwa mkazo unaojirudia) wa kiungo cha T, pale maji moto na baridi yanapokutana. Hujamaliza, na hapo ndipo wengi hunasa.

Tazama Civaux 1, Ufaransa, Mei 1998. Mtambo ulikuwa mpya, umewashwa na kuzimwa mara chache tu, lakini kiwiko cha bomba la kuondoa joto la mabaki (linaloendelea kutoka baada ya mtambo kuzimwa) kilipata ufa wa sentimita 18 hivi, maji yakamwagika. Kilichokula chuma ni ule mchanganyiko wenyewe: moto na baridi vikipokezana haraka haraka kwenye ukuta wa ndani.

Basi anza na tofauti ya joto kati ya mikondo miwili. Kwa chuma cha pua, kila nyuzi 1 ya badiliko la ghafla usoni huleta mkazo wa takriban MPa 4.6 (megapaskali, kipimo cha mkazo). Nyuzi 80 ni kama MPa 370, ingawa ukuta haupati badiliko lote. Vihisi joto vya nje visikudanganye; unene wa bomba humeza mabadiliko ya haraka. Vinafaa zaidi maji yanapojitenga matabaka, ya moto juu na ya baridi chini, ukivifunga juu na chini ya bomba.

Usisahau vali zinazovuja. Kwenye mtambo wa nyuklia wa Farley 2 kule Alabama, Marekani, 1987, maji baridi yaliyopenya kwenye vali yalipasua bomba jirani na weldi (maungio ya kuchomelea). Weldi kama hizo zipime kwa ultrasoniki (mawimbi ya sauti yanayotafuta nyufa) kwanza.