Kamera Gani, Ruhusa ya Nani, na Maswali Mengine

Mwalimu, nataka kuanza picha za dokumentari. Ninunue kamera gani? (Umoja)

Tumia uliyo nayo, hata kama ni simu. Swali hili nimelijibu mara tatu mwaka huu na sitalijibu tena.

Nimepiga picha Kibera kila Jumamosi kwa miaka miwili, lakini mhariri anasema zinafanana na za kila mtu. Nitapataje njia yangu? (Lang'ata)

Kule Kibera unamjua nani kwa jina? Hukunitajia hata mmoja, na hapo ndipo penye shida. Mimi nilipoanza kwenda kwa mafundi wa jua kali Kamukunji, miezi mitatu nzima nilipiga cheche na nyundo tu. Siku moja mvua ikatukusanya chini ya kibanda, kamera ikiwa kwenye mfuko. Nikamwona fundi wa masanduku akipapasa ukingo wa bati kwa kidole gumba kabla ya kulikunja, polepole, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kidole chenyewe kilikuwa na makovu hadi kwenye ukucha. Kesho yake nilirudi kukipiga picha, na kazi yangu ikaanzia hapo.

Mohamed Amin, mzaliwa wa Eastleigh, alitikisa dunia kwa picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Vijana husahau kwamba Camerapix, kampuni yake ya picha, aliianzisha 1963. Alikuwa ameizunguka kanda hii zaidi ya miaka 20 kabla ya siku ile ya Korem, mji wa Ethiopia alikopiga picha hizo.

Halafu, kwani Lang'ata hakuna watu? Anza na mlinzi wa lango lenu, usiku wa zamu yake.

Lazima niombe ruhusa? (Kayole)

Barabarani au kwenye mkutano wa hadhara, si kila mara. Nyumbani kwa mtu, hospitalini na kwa mtoto, omba, tena ya mtoto umwombe mzazi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa nafuu kwa uandishi wa habari na sanaa, lakini usijifiche nyuma yake kumpiga mama anayelia. Na ukishapiga, mrudishie mwenyewe picha iliyochapishwa. Wengi huahidi, wachache hurudi, na anayelipia ni mpiga picha atakayekuja baada yao.

Je, harusi zitaniua kipaji? (Donholm)

Hapana, zitakulipia kodi ya nyumba. Kinachonitisha ni mikataba. Kwa Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001, kazi ya kuagizwa haki zake humwendea aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Andikeni makubaliano hayo kabla hujafungua begi.

Diski yangu imekufa na picha za miaka mitatu. (Pangani)

Pole sana. Usiichomeke tena, ipeleke kwa fundi wa kuokoa data. Zikipatikana, tengeneza nakala mbili, moja ikae kwa ndugu yako. Na kila picha iandikie jina la mtu, mahali na tarehe wiki hii, ungali unakumbuka.