Maswali yenu kuhusu Mui Ne: upepo, dagaa na usingizi wa mchana

Dada, nasikia Mui Ne ya Vietnam ni ya wanaocheza na upepo baharini. Mimi hata kuogelea sijui. Nitafanya nini huko? (Msomaji, Tanga)

Utakaa, ndugu yangu, na kukaa ndiko kunakopendeza Mui Ne. Amka alfajiri ushuke kwenye kijiji cha wavuvi, upande wa mashariki wa ufuo, bahari ikiwa bado shwari. Mashua kubwa zimetia nanga. Samaki wanaletwa pwani kwa *thúng chai*, vikapu vya mviringo vya mianzi vilivyopakwa utomvu wa mti visivuje. Mtu mmoja na kasia moja, kikapu kinazunguka-zunguka mpaka mchangani. Akina mama wanachambua samaki, ngisi na kaa, wanapatana bei palepale. Tazama omo za mashua: zimechorwa macho, kama yale yanayowekwa kwenye majahazi ya Lamu. Niliyatazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Jua likikolea, rudi ulale. Hujapoteza siku.

Mimi nataka ubao wenye tanga. Niende mwezi gani? (Mombasa)

Novemba hadi Machi. Unaujua upepo wenyewe: ni pepo za kaskazini-mashariki, ndugu wa kaskazi yetu, zinazovuma kutoka bara la Asia lililopoa kuelekea kusini kwenye joto. Kwa kawaida hupanda kadiri mchana unavyosogea, na alasiri ghuba hujaa matanga na tiara kubwa zinazowavuta watu majini. Kama unaanza, chukua somo la asubuhi, upepo ukiwa mwepesi. Anayetaka kuogelea tu naye aingie asubuhi.

Ni kweli kunanuka samaki? (Dodoma)

Mahali pengine, ndiyo, na usikimbie. Eneo hili la Phan Thiet linasifika kwa *nước mắm*, mchuzi wa samaki. Dagaa hupangwa na chumvi ndani ya mapipa au mitungi, wakaachwa kama mwaka mzima, kisha maji yao ya rangi ya kahawia hukingwa chini. Dagaa hao wanaitwa *cá cơm*, yaani samaki wa wali. Zanzibar tunasema dagaa mchele! Pwani mbili zilizo mbali hivyo, zikatazama samaki mdogo mweupe, zikakumbuka chakula kilekile. Changanya mchuzi huo na ndimu, sukari, kitunguu saumu na pilipili, uchovye ngisi wa kuchoma.

Nisiyekula nguruwe je? (Unguja)

Sema *không thịt heo*, bila nyama ya nguruwe, na uulize mafuta ya kukaangia. Samaki wa kuchoma au wa mvuke ndio salama zaidi.

Nina siku mbili tu kutoka Ho Chi Minh City. Nipange vipi? (Nairobi)

Ongeza mbili nyingine ukiweza. Ni kilomita kama 200, kwa basi au kwa treni hadi Phan Thiet. Ikishindikana, chagua jambo moja: matuta ya mchanga mweupe ya Bau Trang wakati wa macheo, au kijito cha Suoi Tien, unakotembea pekupeku kwenye maji ya kifundoni kando ya kuta za mchanga mwekundu. Asubuhi ya mwisho rudi kwa wavuvi, nunua kaa, uwaombe akina mama wakuchemshie hapohapo ufuoni.